Mkono ukikataa kunyanyuka kwenye kifundo: hitilafu iko wapi?

Mtu amelala fofofo usiku kucha, mkono mmoja ameulalia. Asubuhi anaunyoosha achukue glasi ya maji. Bega linatii, kiwiko kinanyooka, lakini kiganja kinaning'inia kutoka kwenye kifundo kama kitambaa kilicholowa. Anajaribu kukinyanyua, hakinyanyuki. Anajaribu kufungua vidole viizunguke glasi, navyo havifunguki. Maumivu hana. Anakiinua kiganja kwa mkono wa pili, akikiachia kinaanguka tena.

Wengi wakifika hapo neno linalowajia ni moja: kiharusi. Wakati mwingine ni kweli, kwa hiyo tuanze na lile lisilongoja. Udhaifu wa ghafla ukija pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kutotoka vizuri, au mguu wa upande uleule kulegea, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri aone kama itapungua. Hata mkono peke yake ukianguka ghafla, daktari auone siku hiyohiyo. Ila mara nyingi chanzo kiko mbali na ubongo, na swali linalosaidia kukipata ni lile watu wanalolisahau kwa kuwa macho yote yamekazia kiganja kilicholala: ni nini ambacho bado kinafanya kazi?

Njia ya amri

Amri ya kunyanyua kiganja huanzia kwenye ubongo, upande ulio kinyume na mkono wenyewe. Inashuka kwenye uti wa mgongo hadi shingoni, inatoka kati ya pingili kupitia mizizi ya neva, hasa ule wa 6 na wa 7, inapita kwenye mtandao wa neva ulio kati ya shingo na kwapa, kisha inaingia kwenye neva moja ndefu iitwayo neva ya radiali. Hiyo ndiyo inayoiamuru misuli iliyo upande wa nyuma wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Misuli hiyo yenyewe haifiki vidoleni. Inaishia kwenye kano, zile kamba ngumu unazoziona zikijichora nyuma ya mkono ukinyoosha vidole, na kano ndizo zinazovuta.

Hapa lugha yetu inatuchezea kidogo. Katika mazungumzo, mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na kano nayo watu huiita mshipa. Mgonjwa akiambiwa "mshipa wako umebanwa" anaweza kurudi nyumbani akiwaza kwamba damu haipiti, akaanza kuuchua mkono kwa maji moto. Humu nitasema neva kwa ule unaobeba amri na hisia, na kano kwa kamba inayovuta.

Njia ni ndefu, na ikikatizwa popote matokeo kwa nje yanafanana: kiganja kinaanguka. Kinachotofautiana ni vile vilivyosalia vizima, kwa sababu kila neva njiani inaacha matawi kwenye misuli mingine kabla haijafika mwisho. Tawi lililochomoka kabla ya mahali palipoharibika linabaki zima, na lililo baada ya hapo linanyamaza.

Kabla ya kwenda mbali, kuna udanganyifu mmoja wa kuuondoa. Kunja kifundo chako mpaka kiganja kitazame chini kabisa, kisha ukiwa hivyohivyo jaribu kukaza ngumi. Nguvu haipo, na vidole havifungi sawasawa. Sasa kinyanyue kifundo kidogo, ukaze tena. Nguvu imerudi. Misuli ya kukunja vidole ni ileile na haina ugonjwa wowote, ila kifundo kisiposimama inakuwa imejikunja mno, haina tena nafasi ya kuvuta. Ndiyo maana mtu ambaye kifundo chake kimeanguka hulalamika kwamba mkono mzima umekufa, hawezi hata kushika ufunguo. Anayempima akikishikilia kile kifundo kwa mkono wake, ghafla mgonjwa anabana vizuri tu. Hali ni hiyohiyo kwa kutanua vidole: mkono ukining'inia vinaonekana dhaifu, ukiulaza juu ya meza vinatanuka. Asiyejua hili anaweza kuandika kwamba neva zote tatu kuu za mkono zimeharibika, wakati ni moja.

Udanganyifu wa pili uko kwenye ncha za vidole. Mwambie mgonjwa anyooshe vidole, ataweza kuvinyoosha kwenye viungo vya mwisho, kwa sababu kazi hiyo inasaidiwa na misuli midogo ya ndani ya kiganja inayohudumiwa na neva nyingine. Pa kuangalia ni pale vidole vinapoungana na kiganja. Hapo ndipo neva ya radiali inapofanya kazi bila msaidizi.

Mahali neva inapobanwa zaidi

Neva ya radiali ina tabia moja inayoiponza: haiteremki moja kwa moja. Ikitoka kwapani inauzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma, imelala karibu kabisa na mfupa, kisha inajitokeza upande wa nje juu ya kiwiko, mahali ambapo hakuna nyama nyingi ya kuikinga. Ukiegemeza sehemu hiyo kwenye ukingo wa kiti au mbao za kitanda, neva inakuwa kati ya kitu kigumu na kitu kigumu.

Kwa kawaida hali hiyo haidumu. Mkono ukianza kufa ganzi usingizini, mwili unajigeuza wenyewe bila kukushauri. Shida huja usingizi unapokuwa mzito kupita kiasi, uwe wa pombe, wa dawa za usingizi, au wa dawa za nusu kaputi katika chumba cha upasuaji. Ganzi inaita na hakuna wa kuitika. Kwa sababu hiyo madaktari wa nchi za Magharibi waliipa hali hii jina la kupooza kwa Jumamosi usiku, wakimfikiria mlevi aliyesinzia kitini mkono ukining'inia nyuma ya egemeo. Nyingine wakaiita kupooza kwa fungate, kichwa cha mwenzi kikiwa kimeulalia mkono hadi alfajiri. Majina hayo yanachekesha, lakini kwa maoni yangu yamewaonea wengi. Mtu asiyeonja pombe akijikuta na mkono ulioanguka, asihojiwe kama mlevi. Mkao mbaya na uchovu wa kupindukia vinatosha.

Neva ikibanwa saa chache, kinachoharibika kwanza ni ala ya mafuta inayozifunika nyuzi zake, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Waya wenyewe ni mzima, ila mkondo unaishia pale palipochubuka. Mwili huitengeneza upya ala hiyo kwa wiki kadhaa, na wengi wa kundi hili hupona ndani ya miezi 3 hivi bila kupasuliwa.

Sasa tuulize swali letu. Kilichosalia kwa mgonjwa huyu ni nguvu ya kunyoosha kiwiko. Matawi yanayokwenda kwenye trisepsi, misuli ya nyuma ya mkono wa juu, yameshachomoka kabla ya mahali palipobanwa, kwa hiyo anaweza kusukuma mlango mzito. Kilichokwenda ni kifundo, vidole, gumba, na hisia kwenye kipande cha ngozi nyuma ya mkono kati ya gumba na kidole cha shahada. Umekwenda pia msuli mmoja ambao watu hawaujui kwa jina, brakioradiali. Ukikunja kiwiko huku gumba linatazama juu, kama mtu aliyeshika kikombe, na mwingine akaubonyeza mkono chini, msuli huo unatuna upande wa gumba karibu na kiwiko. Kwa mgonjwa huyu hautuni. Uukumbuke, kwa maana utarudi tukifika shingoni.

Mfupa uleule ukivunjika, neva inaweza kuvutwa, kubanwa kati ya vipande, au mara chache kukatika kabisa. Katika watu 100 waliovunjika sehemu ya kati ya mfupa wa mkono wa juu, takriban 12 hupata udhaifu wa kifundo. Zaidi ya theluthi mbili ya hao hurudiwa na nguvu zao bila daktari kuigusa neva, na ndiyo sababu daktari wa mifupa anaweza kukwambia "tungoje kwanza" pasipo uzembe wowote. Hesabu hubadilika pakiwa na kidonda wazi au mkono ukiwa umekatwa na kitu chenye makali. Hapo neva inastahili kuangaliwa mapema kwa upasuaji. Nguvu ya kifundo pia ipimwe na kuandikwa kabla ya kuuvuta mfupa au kufunga plasta, maana ikigundulika baadaye hakuna atakayejua kama ilipotea kwenye ajali au kwenye tiba.

Sindano nayo ina lawama zake. Ikichomwa chini mno au nyuma mno kwenye mkono wa juu, badala ya kwenye msuli wa bega, inaweza kuipata neva hii. Mara nyingi aliyepatwa hana haja ya kubahatisha: huhisi kama shoti ya umeme papo hapo mpaka mkononi.

Juu zaidi, chini zaidi

Neva ikibanwa kwapani, trisepsi nayo inadhoofika, na kunyoosha kiwiko kunakuwa taabu. Mshukiwa wa kwanza ni magongo ya kutembelea. Mtu aliyechoka huyaegemea kwa makwapa, na uzito wote wa mwili unakaa juu ya neva. Uzito huo unatakiwa ubebwe na viganja, na kati ya kichwa cha gongo na kwapa ipatikane nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Chini ya kiwiko ndiko kwenye mtego. Hapo neva hugawanyika mara mbili. Tawi moja linabeba hisia tu, na lingine linapenya ndani ya msuli unaogeuza kiganja kitazame juu, likienda kuamuru vidole. Hili la ndani likibanwa hakuna ganzi hata kidogo, na kifundo hakianguki kabisa. Kinanyanyuka, lakini kinakwenda upande, kikielekea kwenye gumba, kwa sababu msuli mmoja wa kukinyanyua ulikwisha kupata amri yake juu ya kiwiko na umebaki unavuta peke yake. Vidole ndivyo vinavyolala. Hali hii inaweza kuja taratibu, kidole kimoja leo, kingine baada ya wiki kadhaa, na nyuma yake kunaweza kuwa na uvimbe wa mafuta usio na madhara mengine, au kiungo cha kiwiko kilichovimba kwa ugonjwa wa baridi yabisi.

Baridi yabisi hiyohiyo ina hila ya pili. Kano zinazopita juu ya kifundo zinaweza kusagwa na mfupa ulioliwa mpaka zikatike, na mara nyingi huanza ile ya kidole cha mwisho, ikafuata ya kidole cha pete. Anayeona vidole havinyooki atafikiria neva. Njia ya kuzitenganisha haihitaji kifaa: kiinamishe kifundo cha mgonjwa taratibu huku amelegeza mkono. Kano ikiwa nzima inavutika, na kidole kinajinyoosha chenyewe. Kidole kinachobaki kimelala, kano yake imekatika.

Shingoni na kichwani

Mzizi wa 7 wa neva za shingo ukibanwa, kwa mfano na diski iliyochomoza kati ya pingili, mkono unaweza kuonekana kama wa neva ya radiali iliyobanwa. Trisepsi dhaifu, vidole havinyooki vizuri, kifundo kimepungua nguvu. Lakini mizizi haifuati mipaka ya neva moja. Huyu hupungukiwa pia na nguvu ya kukunja kifundo kwenda chini, kazi ambayo neva ya radiali haihusiki nayo kabisa. Kisha ule msuli wa brakioradiali, uliopotea kwa yule aliyeulalia mkono, huyu anao, kwa kuwa unategemea zaidi mizizi ya juu yake. Ongeza maumivu yanayotoka shingoni hadi kidole cha kati na kuzidi akigeuza shingo, na picha inakamilika.

Kwenye ubongo kuna kisehemu kidogo kinachosimamia mkono pekee. Kiharusi kikipiga hapo tu, uso hauendi upande, mguu hauna neno, ni kiganja kinachoanguka, na hata madaktari hudanganyika. Dalili moja ninayoipenda kwa wepesi wake ni ngumi. Mtu mzima akikaza ngumi, kifundo hunyanyuka kidogo bila yeye kufikiri. Mwambie mgonjwa akaze. Ikiwa kosa liko ubongoni, kifundo kile alichoshindwa kukinyanyua kwa kuambiwa kinaweza kunyanyuka chenyewe, kwa kuwa neva na misuli ni mizima. Ikiwa neva ya radiali ndiyo iliyokatizwa, ngumi inapokazwa kifundo kinazidi kuinama. Dalili hii haichukui nafasi ya picha ya ubongo, lakini inamwambia daktari aharakishe wapi.

Kosa lisipokuwa mahali pamoja

Mikono yote miwili ikidhoofika, au udhaifu ukihamahama, acha kutafuta mahali palipobanwa. Sumu ya risasi ndiyo mfano wa zamani kuliko yote. Risasi ninayoisema ni madini, wala si ile ya bunduki ingawa jina ni moja. Wapaka rangi, wayeyushaji wa madini na watengenezaji wa betri walijulikana kwa viganja vilivyolala, mara nyingi ule mkono wanaoutumia zaidi ukitangulia. Hisia ya ngozi hubaki nzima, jambo linaloshangaza mtu akiona udhaifu ulivyo mkubwa. Tumbo linasokota, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua. Kipimo cha damu hukata shauri, na tiba ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye risasi. Wenzake wa kazini nao wapimwe, hata watoto wake, kwani vumbi hufika nyumbani limekaa kwenye nguo.

Magonjwa ya mishipa ya damu, hapa ni ya damu kweli, yanaweza kuinyima neva chakula chake, ukaanguka mkono leo na mguu wiki ijayo kwa maumivu makali. Hayo ni ya kutibiwa haraka. Ukoma huharibu neva pia, ingawa ile ya upande wa kidole cha mwisho hupatwa zaidi kuliko ya radiali. Kuna wengine ambao kinga ya mwili huishambulia njia ya amri katika neva za mikono bila ganzi wala maumivu, na kifundo kulegea kunaweza kuwa mwanzo. Hawa nawataja kwa sababu dalili zao hufanana na ugonjwa usio na tiba wa kufa kwa seli za neva za misuli, ilhali wao wana dawa inayowafaa ya kingamwili za dripu, na dawa za steroidi zinaweza kuwazidishia. Kuwachanganya ni kosa la gharama kubwa.

Kungoja kwa mpango

Kipimo cha umeme wa neva na misuli kinaweza kuonyesha mahali penye kizuizi na ukubwa wa uharibifu, lakini kikifanywa siku ya pili tu kinaweza kupotosha. Daktari Mwingereza Augustus Waller alieleza mwaka 1850 kwamba uzi wa neva uliokatwa hufa taratibu kutoka pale ulipokatwa kwenda mwisho wake. Kifo hicho huchukua siku, na misuli huchelewa zaidi kuonyesha kwamba imepoteza neva yake. Ndiyo maana kipimo hupangwa wiki 3 hivi baada ya tukio, na mgonjwa asidhani amesahauliwa.

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Herbert Seddon wa Uingereza aligawa majeraha ya neva katika daraja tatu ambazo bado zinatumika: iliyozimika kwa muda, iliyokatika nyuzi ndani huku ala zake za nje, si ile ya mafuta, zikiwa zimesimama, na iliyokatika yote. Ya kwanza ni yule aliyeulalia mkono. Ya pili huota upya, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Ya tatu haitaungana bila mshonaji. Mwendo huo wa milimita unampa mtu hesabu yake mwenyewe: kutoka katikati ya mkono wa juu hadi ule msuli wa brakioradiali, ikiwa ni sentimita 12, ni miezi 4. Siku hizo zikipita na msuli hautuni, na kipimo cha umeme nacho hakioni kitu, mazungumzo ya upasuaji yaanze. Yasiahirishwe bila kikomo, kwani msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu bila neva huwa haupokei tena.

Wakati wa kungoja, kazi kubwa ni ya banzi. Linakishika kifundo kikiwa kimenyanyuka kiasi, na kwa ile sababu uliyoijaribu mwenyewe kwenye ngumi, mtu hupata mshiko wake siku hiyohiyo kabla neva haijapona hata kidogo. Mara kadhaa kwa siku livuliwe, mkono wa pili ukinyanyue kiganja na kunyoosha vidole mpaka mwisho, viungo visije vikakakamaa. Neva ikirudi na kukuta viungo vimeganda, imerudi bure. Na penye ganzi pakingwe na moto.

Neva isiporudi, bado ipo njia. Daktari wa upasuaji anaweza kuchukua msuli mmojawapo wa upande wa kiganja, ambao wenzake wanaweza kushika kazi yake, akaiunganisha kano yake na ile ya kunyanyua kifundo. Mgonjwa hujifunza upya: mwanzoni, ili anyanyue kifundo, inambidi afikirie kugeuza kiganja chini.

Ikirudi yenyewe, inarudi kwa mpangilio wa njia yake. Brakioradiali hutuna kwanza. Kisha kifundo kinanyanyuka, dhaifu, kikielekea upande wa gumba. Vidole vinafuata baada ya wiki au miezi. Gumba na shahada huja mwishoni, kwa kuwa matawi yao ndiyo ya mbali kuliko yote. Laza kiganja mezani, vidole vimetulia, ujaribu kulitenga gumba na meza kwa kulinyanyua juu. Siku litakaponyanyuka, neva imefika.